Mchanga wa Ukambani, Ufuo wa Malindi

Ufuo wa Malindi umetoka Ukambani. Wenyeji wa Malindi wanalijua hilo, na mara nyingi hulisema kwa lawama, hasa mvua ya bara inapokolea, ghuba nzima ikageuka rangi ya udongo, wageni wakabaki kwenye mabwawa ya hoteli na wenye boti za kutembeza watu wakakosa kazi. "Matope ya bara hayo," husema, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilitaka yaendelee. Nilitaka kuona namna mlima unavyoshuka hadi baharini: jiwe linavyong'oka, likavunjika kuwa kokoto, kokoto ikasagika kuwa changarawe, changarawe ikawa mchanga, na mchanga huo ukapumzika wapi na kwa muda gani kabla ya kuonja chumvi. Basi nikashuka na mto wenyewe, kwa matatu, kwa bodaboda, kwa gari la kukodi ndani ya hifadhi ya Tsavo, na kwa miguu kila palipowezekana.

Mto huu hubadilisha jina njiani. Huko juu, vinakokusanyika vijito vya Ngong, Kikuyu na Nairobi, ni Athi. Ukishaungana na Mto Tsavo ndani ya hifadhi huitwa Galana, na ukikaribia pwani ni Sabaki. Anayeishi kwenye jina moja ni nadra kumfikiria anayeishi kwenye jina jingine.

Nilianzia Makueni, huko Ukambani, kwenye mto mmoja wa msimu katika bonde la Thwake. Kulikuwa kiangazi. Kati ya kingo mbili zenye migunga palikuwa na mchanga mtupu, mweupe wenye wekundu kidogo, na nyayo za punda zimeutoboa kote. Juu hapakuwa na tone la maji. Maji yalikuwa chini. Kina mama walikuwa wamechimba visima vifupi, wameketi kando yake wakingoja maji yajikusanye, kisha wakiyateka kwa kikombe na kuyamimina kwenye mitungi ya plastiki. Niliwaamkua, nikaomba ruhusa ya kuchimba shimo langu jirani yao.

"Chimba hapa, mwanangu," mama mmoja aliniambia. "Kule kwenye kona usijisumbue. Kule malori yalishapita, utafika kwenye mwamba bila kulowa mkono."

Ukuta wa shimo hilo ulikuwa na mengi ya kusomwa. Shubiri mbili za juu zilikuwa mchanga mkavu wa wastani. Chini yake ulipita mkanda wa changarawe, punje zenye ukubwa wa ncha ya kidole zimechanganyika na vipande vya kwatzi vyenye kingo kali. Kisha mchanga tena, mnene chini, ukilainika kadiri unavyopanda. Juu ya mchanga huo palikuwa na utando wa udongo wa kahawia, mwembamba kuliko ukucha. Kila mkanda ulikuwa furiko moja. Maji yakiwa katika nguvu zake hukokota kila kilichopo. Yakianza kupungua huangusha kwanza kilicho kizito, kisha kilicho chepesi, na mwisho, siku mto unapobaki vidimbwi, udongo mwembamba hutua juu ya vyote. Furiko linalofuata huenda likaufagia mkanda wote au likauzika. Nilipitisha sumaku ndogo kwenye mchanga mkavu, ikatoka na ndevu nyeusi: punje za magnetaiti, zenye uzito karibu mara mbili ya kwatzi ya ukubwa uleule, ambazo maji huziacha kwa mistari myembamba pale yanapolegea. Na kwenye kiganja, jua lilipopiga, vipande vidogo vya mika vilimetameta.

Vipi jiwe linaondoka? Jiwe likizama ndani ya maji hupoteza zaidi ya thuluthi moja ya uzito wake, kwa kuwa kwatzi ina uzito wa takriban mara 2.65 ya maji. Hiyo ni nafuu ya kwanza kwa mto. Ya pili ni msuguano wa maji na sakafu, ambao hutegemea kina na mteremko. Kina kikiongezeka maradufu, na msuguano huo huongezeka maradufu, hata kama mteremko ni uleule; ndiyo sababu mto unaofika magotini unaweza kupita juu ya changarawe mwaka mzima bila kuitikisa, halafu usiku mmoja wa mvua ukaihamisha yote. Punje inapozidiwa nguvu, kila ukubwa una mwendo wake. Kokoto huviringika au huteleza, zikigusana na sakafu wakati wote. Mchanga hurukaruka: punje hunyanyuka, husukumwa kidogo, huanguka, na pale inapoangukia hugonga nyingine ambayo nayo huruka. Udongo mfinyanzi haurudi chini hata kidogo maadamu maji yanachafuka. Chembe yenye upana wa milimita 0.002 huchukua siku tatu hivi kuzama mita moja tu katika maji yaliyotulia kabisa, na ni mto gani uliotulia siku tatu?

Mtu angedhani kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo inavyong'oka kwa urahisi. Mswidi Filip Hjulström alionyesha mwaka 1935 kwamba sivyo. Mchanga wa wastani ndio unaong'oka upesi kuliko vyote. Changarawe hutaka kasi zaidi kwa kuwa ni nzito, na udongo mfinyanzi ulioshikamana hutaka pia kasi zaidi kwa kuwa chembe zake hung'ang'aniana. Nenda ukaangalie ukingo wowote wa mto Ukambani: tabaka la udongo mgumu limetokeza nje na mchanga uliokuwa chini yake umekombwa, mpaka siku ukingo mzima unapoporomoka kwa uzito wake.

Malori aliyoyataja yule mama ni ya mchanga, na huenda Nairobi na Machakos. Mchanga wa mto, wenye punje kali zilizooshwa udongo, hushikana vizuri na saruji, na Nairobi inajengwa usiku na mchana. Mchanga umeleta pesa katika vijiji hivi, na umeleta umwagaji damu pia. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na naiona kuwa miongoni mwa sheria zenye busara zilizotungwa na kaunti yoyote tangu ugatuzi uanze. Lori linalochota mchanga mpaka kwenye mwamba linachota kisima. Na madhara hayakai pale liliposimama. Shimo lililochimbwa kwenye sakafu huwa na ukingo mkali upande wa juu. Furiko likija huukata ukingo huo, nao ukarudi nyuma ukipanda mto, ukifukua nguzo za madaraja na mizizi ya miti ya kingo. Upande wa chini nao hukosa, maana shimo humeza mchanga uliokuwa njiani kwenda kwa jirani. Mtu akichimba mahali pamoja, wanaoumia wapo juu na chini yake.

Wakamba wamepata pia namna ya kuutumia mwendo huo huo wa mchanga kwa faida yao. Hatua chache kutoka visima vile niliona bwawa la mchanga, ukuta wa saruji na mawe usiozidi kimo cha mtu kwa kiasi kikubwa, umejengwa kuukatisha mto mahali mwamba ulipo karibu. Bwawa la kawaida likijaa mashapo limekufa. Hili linaanza kazi likijaa. Furiko la kwanza na la pili huleta mchanga, ukatua nyuma ya ukuta, na udongo mwembamba, kwa kuwa hautui upesi, hupita juu ya ukuta na kwenda zake. Kinachobaki ni mchanga safi, na kati ya punje na punje kuna nafasi. Robo hadi theluthi ya ujazo wote, pengine zaidi, ni maji. Jua haliyafikii yakiwa zaidi ya mita moja chini, mbu hawatagi, na ng'ombe hawayakanyagi. Machakos, Kitui na Makueni zina mabwawa ya namna hii kwa mamia, mengi yakiwa yamejengwa na vikundi vya vijiji, mawe yakibebwa kwa mkono. Sijaona kazi ya uhandisi inayouelewa mto vizuri zaidi ya hii.

Milima iliyo juu ya mabonde haya ina historia ambayo kila anayeulalamikia ufuo wa Malindi angepaswa kuijua. Mwaka 1937 afisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko katika Ukambani. Alikuta miteremko iliyochubuka hadi kwenye mwamba na makorongo yaliyopasua malisho. Serikali ikaamua kwamba kosa ni la ng'ombe, ikaanza kuwapunguza kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa, na baadaye amri ile ikaondolewa. Wakoloni hawakujiuliza sana ni nani aliyewabana watu na mifugo yao kwenye miteremko kwa kuzichukua ardhi nzuri. Jibu la kweli lilikuja polepole, kutoka kwa wakulima wenyewe: matuta. Walichimba mtaro kufuata kontua na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, njia inayoitwa fanya juu, nayo kwa jina hilohilo la Kiswahili imeingia katika vitabu vya kilimo duniani kote. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao kuhusu Machakos mwaka 1994, walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Kama ni hivyo, mbona bahari ya Malindi bado inachafuka? Matuta hayako kila mahali, hilo ni kweli. Barabara, malisho na makazi mapya ya nyanda kavu vinatoa udongo mwingi. Lakini kuna sababu nyingine, na nilikutana nayo Tsavo.

Njia ya kwenda huko inafuata uwanda wa Yatta. Ni mmiminiko wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, uliotiririka zamani sana ndani ya bonde la mto, ukaganda humo. Ardhi laini ya pande zote ikaliwa na maji mpaka ikashuka chini ya lava, na kilichokuwa bonde sasa ni ukuta mrefu unaotazamwa kwa kuinua shingo, Athi ukipita chini yake. Nikiutazama nilifikiria ujazo wa ardhi iliyoondoka ili Yatta isimame vile, yote ikipitia mto huu, punje kwa punje, kabla hajazaliwa mkulima wa kwanza.

Kwenye Maporomoko ya Lugard, ndani ya Tsavo Mashariki, Galana unabanwa kwenye miamba ya zamani sana yenye michirizi ya waridi, kijivu na nyeusi. Askari wa hifadhi alitangulia, macho yake kwenye maji kwa ajili ya mamba. "Mzee, kaa upande huu wangu," alinionya, "na usiiname karibu na maji." Mwamba wote umetobolewa mashimo ya duara, mengine ya kuingiza mkono, mengine ya kuingiza mtu mzima hadi kifuani, kuta zake laini kabisa. Ndani ya kila shimo lililokauka kulikuwa na mawe machache ya mviringo. Mawe hayo ndiyo mchi, na mwamba ndio kinu. Jiwe likinaswa kwenye tundu, maji yanayozunguka hulizungusha nalo furiko baada ya furiko. Jiwe huchimba mwamba na mwamba hulisaga jiwe, mpaka jiwe limekwisha na jingine likaanguka mahali pake. Nilitoa moja, jeusi, la lava, limesuguliwa hata halina pembe. Vile vipande vya kwatzi vya Makueni vilikuwa vinakata kidole. Mjerumani Sternberg aliona mwaka 1875 kwenye Mto Rhine kwamba uzito wa kokoto hupungua kwa uwiano wa kudumu kadiri zinavyoshuka na mto. Sehemu ya upungufu huo ni kusagika, na sehemu ni kwamba mto huacha nyuma makubwa na kuendelea na madogo.

Chini ya maporomoko mto unatanuka, na pembeni umejenga fungu refu la changarawe. Hapo nilikaa muda mrefu, askari akiwa mvumilivu. Mawe bapa hayakulala ovyo. Yote yaliegemeana, kila moja limeinua upande mmoja likielekeza mgongo wake kule maji yanakokwenda, na upande wa chini umezama kuelekea yanakotoka. Jiwe lililolala namna nyingine hung'olewa. Lililolala hivi maji hulikandamiza chini. Mtu anayeijua dalili hii anaweza kusimama kwenye bonde lililokauka miaka elfu na kusema mto ulitiririka kwenda wapi. Kisha niliinua jiwe moja la juu, saizi ya ngumi. Chini yake hapakuwa na mawe mengine ya ngumi. Palikuwa na changarawe ndogo na mchanga unyevu. Maji ya kawaida yamekwisha kuondoa punje ndogo za juu na kuacha kubwa, nazo kubwa sasa zinazikinga ndogo zilizo chini. Fungu zima linangoja furiko lenye nguvu za kuvunja kinga hiyo. Likija, kila kitu kitaondoka kwa pamoja.

Mtu aliyeuelewa ungojaji huu vizuri kuliko wengine ni Hans Albert Einstein, mtoto wa yule mwanafizikia. Tasnifu yake ya Zürich, iliyochapishwa mwaka 1937, mwaka uleule wa ripoti ya Maher, ilihusu changarawe. Aliona kwamba punje ya sakafuni haiwezi kuelezwa kwa kasi kama vile gari. Inapiga hatua, inapumzika, inapiga hatua nyingine. Hatua ni fupi na za ghafla, mapumziko ni marefu na hayatabiriki. Huwezi kusema punje hii itaondoka lini. Unaweza kusema tu uwezekano wake ni kiasi gani. Akaihesabu safari ya mashapo kwa hesabu za uwezekano, na wahandisi wa mito wanaitumia fikra hiyo mpaka leo.

Fikra hiyo ndiyo iliyonijibu swali la Malindi. Udongo mwembamba ukisombwa Machakos leo unaweza kufika baharini na furiko hilohilo. Mchanga hauwezi. Mchanga hutembea siku chache za mwaka, kisha hulala kwenye kona, nyuma ya mti ulioanguka, chini ya fungu jingine, msimu baada ya msimu. California walilijua hili kwa gharama kubwa. Wachimbaji wa dhahabu walibomoa vilima kwa mabomba ya maji, vifusi vikajaza mito, mashamba na miji ya chini ikafurika, na mwaka 1884 mahakama ikauzuia uchimbaji huo. Vifusi havikusimama kwa amri ya mahakama. Mwanajiolojia Grove Karl Gilbert, aliyetumwa kuvichunguza, alijenga mifereji ya majaribio Berkeley, akachapisha vipimo vyake mwaka 1914, na katika ripoti yake ya 1917 alieleza namna mito ilivyokuwa bado inaviteremsha kuelekea ghuba ya San Francisco, zaidi ya miaka 30 baadaye. Nikiwa nimekaa kwenye lile fungu la Galana niliamini, na naamini bado, kwamba sehemu ya mchanga uliotoka kwenye makorongo ya Maher haijafika pwani.

Kutoka lango la hifadhi la Sala barabara inaufuata mto kwa mbali, vumbi jekundu, mbuzi, mashamba ya mahindi kwenye tambarare za furiko. Sitakaa hapo. Baricho, hata hivyo, haipitwi. Hapa Sabaki umejaza bonde lake la kale kwa mchanga na changarawe, na ndani ya mashapo hayo vimechimbwa visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na hadi Mombasa. Mto wenyewe siku hiyo ulikuwa wa kahawia usioonyesha hata kidole kilichozamishwa. Maji ya visimani yalikuwa meupe. Yamepita kati ya punje, na punje zimeyachuja. Mkazi wa Mombasa anayefungua bomba huenda anakunywa maji yaliyopumzika ndani ya mchanga wa mto, sawasawa na mama wa Makueni na kikombe chake. Ni jambo ambalo ningependa lifundishwe katika kila shule ya pwani.

Kaskazini mwa mji wa Malindi mto unapita chini ya daraja, unazunguka viboko wake, na kuingia baharini kati ya mikoko na mafungu ya mchanga, heroe wakitembea kwenye matope. Chumvi hapa inafanya kazi ambayo mto haukuweza kwa kilomita mia kadhaa. Chembe za udongo mfinyanzi katika maji baridi husukumana kwa chaji zao za umeme. Zikikutana na maji ya chumvi msukumano huo hulegea, chembe hugandana kuwa mabonge madogo, na mabonge huzama. Ndipo matope ya mlango wa mto yanapotokea, laini hata hayasikiki kati ya vidole viwili. Mchanga unatupwa nje kwenye fungu la mlangoni, na mawimbi yanaupokea.

Mambrui, ng'ambo ya mlango wa mto, ufuo unang'aa. Ni mika, ileile ya Ukambani, iliyosafiri salama kwa kuwa vipande vyake ni bapa na huzama taratibu. Pale punje nzito zilipoviringika, yenyewe ilipeperushwa na maji. Mistari myeusi ya madini mazito ipo pia, na mchanga huu unajulikana kwa titani iliyomo. Nyuma ya ufuo upepo umebeba mchanga mkavu na kujenga vilima. Kusini ya mto, mbele ya mji wa Malindi, ufuo umepanuka kiasi kwamba nyumba zilizojengwa pembeni mwa maji sasa zina mwendo wa kutembea hadi kwenye maji.

Mwelekeo wa maji ya mto baharini unaamuliwa na pepo. Wakati wa kusi mkondo wa bahari husukuma maji ya mto kwenda kaskazini, Mambrui na Ngomeni. Kaskazi ikiingia, maji ya mvua ya vuli husukumwa kusini, juu ya ghuba ya Malindi na miamba ya matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Matumbawe hayo yameandika kumbukumbu. Kila mwaka hujenga tabaka la chokaa, na ndani yake hubaki kiasi kidogo cha bariamu iliyokuja na udongo wa mto. Watafiti walitoboa tumbawe moja la umri wa miaka 300 hivi, na mwaka 2007 wakachapisha walichokisoma: karne mbili za utulivu, kisha bariamu ikapanda kuanzia mapema karne ya 20, ukoloni ulipobadilisha matumizi ya ardhi kule juu. Ripoti ya Maher na tumbawe la Malindi vinasema jambo moja.

Siwezi kuungana na wanaotaka matope yakome kabisa. Matumbawe yanaumia kwa kukosa mwanga, hilo halina ubishi. Lakini kamba wa ghuba ya Malindi na Ungwana wanaishi kwenye maji haya machafu na sakafu hii ya tope, na hakuna sehemu nyingine ya pwani ya Kenya yenye uvuvi wa kamba wa kiasi hicho. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu wake karibu na soko la samaki alinieleza kwamba yeye huomba mto ushuke. Mto usiposhuka, wavu hutoka mtupu.

Yeye ndiye aliyeniuliza kuhusu bwawa la Thwake. Alikuwa amesikia redioni. Bwawa hilo lilianza kujengwa mwaka 2018, chini kidogo ya mahali Mto Thwake unapoingia Athi, lenye ukuta wa mita 80 hivi, na Makueni na Kitui wanalihitaji kwa maji ya kunywa na ya mashamba. "Litayazuia matope?" aliuliza.

Nilimjibu kadiri nilivyoelewa. Udongo mwembamba utapungua, lakini mwingine utapita na maji yanayofunguliwa, na mwingine utaingia kutoka mito ya chini ya bwawa. Mchanga na changarawe ndivyo vitakavyobaki kule, vikitua pale mto unapoingia kwenye maji yaliyosimama. Maji yatakayotoka chini ya ukuta yatakuwa hayana mzigo, na maji yasiyo na mzigo hukwangua sakafu. Kwa hiyo mto utaanza kula mchanga wake mwenyewe, kuanzia karibu na ukuta na kushuka. Misri walimaliza Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970, na ufuo wa delta ya Nile umekuwa ukiliwa na bahari. Hapa, kati ya Thwake na Malindi, kuna akiba kubwa ya mchanga uliolala, ya Galana yote. Ufuo hautaona tofauti mwaka wa kwanza, na huenda hata kumi. Siku tofauti itakapoonekana, watu watakuwa wamesahau iliko sababu yake, na mtu atajenga ukuta wa mawe mbele ya hoteli yake akidhani bahari ndiyo iliyokosa adabu.

"Basi ni lazima mtu awe anapima," alisema mzee yule. "Tangu sasa."

Nilikubaliana naye. Kulikuwa bamvua, na maji yalikuwa yametoka mbali. Aliuweka wavu kando, akamwita mjukuu wake, na sote watatu tukatembea hadi kwenye gati la zamani. Tulihesabu nguzo zilizosimama kwenye mchanga mkavu, tukapima kwa kamba ya mshipi kutoka ukuta wa barabara hadi maji yalipoishia, nikaandika tarehe, saa na vipimo kwenye daftari langu. Mjukuu, aliye darasa la saba, akavinakili kwenye lake, na mzee akamwambia atarudia bamvua ya kila mwezi, saa maji yakiwa yametoka, kuanzia nguzo ileile.